Wasifu Wangu Uliojiita PDF

Tangazo la kazi lilisema wazi: wasifu utumwe kwa PDF. Wangu ulikuwa wa Word, ule unaoishia na docx, na zilibaki dakika 20 mfumo ufungwe. Mwenye akili timamu angehifadhi upya na kuchagua PDF, kazi ya sekunde chache. Mimi nikabofya jina la faili, nikafuta docx, nikaandika pdf.

Kompyuta ikashtuka. Ikanionya kwamba nikibadilisha hapo faili linaweza lisitumike tena, je, nina hakika? Nikajibu "ndiyo" kwa sauti, kama bwana harusi. Papo hapo kialama cha bluu cha Word kikageuka chekundu cha PDF. Na kuna watu wanasomea mambo haya miaka mitatu! Mfumo nao ukalipokea bila swali. Kumbe ulikuwa unatazama herufi za mwisho wa jina tu, kama mlinzi anayekagua kitambulisho bila kumtazama mtu usoni.

Kulifungua nilihakiki? Wapi. La nini, na mwenyewe ndiye niliyeliandika?

Siku tatu baadaye simu ikaita. Kijana wa kompyuta wa ofisi ile, sauti ya upole wa kutia mashaka.

"Mzee wangu, samahani, faili lako limegoma kufunguka."

"Labda programu yenu imepitwa na wakati," nikamjibu. Mungu anisamehe.

Akanieleza bila kunicheka, angalau si kwa sauti. Alilifungua kwa programu ya maandishi matupu aone linavyoanza. PDF ya kweli huanza na alama ya asilimia, kisha herufi PDF. Langu lilianza na PK, herufi za jina la Phil Katz, yule Mmarekani aliyeleta zipu mwaka 1989; si ya suruali, ni faili linalofungasha mafaili mengi pamoja. Kumbe docx ni zipu iliyovaa koti: ndani mna folda, maandishi huku, picha kule. Kulibadili jina hakukugusa chochote humo.

"Basi nikaandika zip mwisho wa jina," akaendelea, "likafunguka vizuri tu. Nikaingia kwenye folda ya picha."

Tumbo likanisokota. Picha ile nilijipiga nyumbani. Juu: shati jeupe, tai, koti lililonyooshwa. Chini: bukta iliyotoboka pajani na kandambili za rangi mbili tofauti. Nikaiweka kwenye Word na kuikata humo humo, vikabaki kichwa na mabega, waziri mtupu. Sasa, ukikata picha ndani ya Word, kilichokatwa hakitupwi. Kinafichwa tu, na picha nzima hubaki ndani ya faili mpaka uiamuru programu ifute sehemu hizo. Sikuwa nimeamuru kitu.

"Umeiona?" nikauliza.

"Tumeiona, mzee."

Ile "tu" ndiyo iliyonimaliza. Angesema "nimeiona" ningelala usingizi.

Jioni ikaingia barua pepe rasmi, imeambatishwa PDF iliyofunguka mara moja bila matata. Nimeitwa kwenye usaili, saa tatu asubuhi, nije na vyeti halisi. Mstari wa mwisho, kwa herufi nzito: "Mavazi yawe rasmi, juu na chini."