Kalamu Wamempa Mfamasia, Kiti Wamemnyima

Nilipohamia Oregon, Marekani, mwaka 2017, nilikuja na vidonge vya majira vya miezi sita, nimevificha katikati ya kanga. Mama mdogo, aliyeko Tanga, ndiye aliyenitisha: "Wazungu hawakuuzii kidonge bila cheti cha daktari, mwanangu, jibebee vyako." Kwake yeye duka la dawa muhimu liko hatua chache tu kutoka sokoni. Unaingia, unanong'ona, unafungiwa pakiti yako kwenye gazeti, unaondoka. Hakuelewa kwa nini nchi tajiri vile imsumbue mwanamke kwa dawa ambayo huko Marekani yenyewe inauzwa tangu 1960.

Kumbe habari zake zilikuwa za zamani. Mwaka 2015 bunge la jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kumruhusu mfamasia aliyepata mafunzo maalumu aandike na kutoa vidonge vya uzazi wa mpango yeye mwenyewe, pamoja na kile kiraka cha kubandika mwilini. Ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2016. Baadaye sindano na pete ya ukeni navyo vikaongezwa. Aliyeipigania bungeni ni Knute Buehler, daktari wa mifupa, tena wa chama cha Republican, kile cha wahafidhina. Kila nikilisema hili kwenye vikao vyetu vya chai watu hunitazama kama nimewadanganya.

Mimi naiunga mkono sheria hii. Ninahudumia wazee majumbani, zamu za usiku. Ukimpigia daktari unaambiwa nafasi ipo baada ya wiki tano, saa nne asubuhi, saa ambayo mimi nimelala kama gogo. Duka la dawa liko wazi mpaka usiku, Jumamosi na Jumapili. Kwa mama mwenye watoto watatu, asiye na gari, anayemtegemea mtu wa kumtafsiria, hiyo ndiyo tofauti ya kupata na kukosa.

Na si kwamba mfamasia anakurushia pakiti tu. Unajaza fomu ndefu: unavuta sigara? Umejifungua karibuni? Unanyonyesha? Uliwahi kupata damu kuganda mguuni au kwenye mapafu? Unaumwa kipandauso kile kinachotanguliwa na vimulimuli machoni? Kisha anakupima presha. Maswali haya yana sababu. Vidonge vingi vina homoni ya estrojeni, nayo huongeza hatari ya damu kuganda, hasa kwa mvutaji wa sigara aliyevuka miaka 35 au mtu mwenye presha ya juu. Wakikuona una hatari hiyo, wanakupa njia nyingine au wanakuelekeza kwa daktari.

Hapo lazima niseme ukweli hata kama mama mdogo atanuna. Miaka yote niliyonunua vidonge nyumbani, hakuna aliyewahi kunipima presha wala kuniuliza neno. Nilifurahia urahisi ule, na shangazi yangu mwenye presha alikuwa akinunua kwenye duka lilelile. Kwa hiyo wanaosema Marekani ingefanya kama kwetu tu, siwafuati mpaka mwisho. Siwafuati pia wale wanaodai bila daktari wanawake wataumia, maana hayo maswali ya fomu ndiyo daktari wangu huniuliza, tena kwa haraka zaidi.

Tatizo langu liko kwingine. Sheria ya Oregon inakataza duka kukulazimisha kupanga miadi na mfamasia. Maneno mazuri. Lakini mimi nimewahi kwenda duka moja, jina nalihifadhi, nikaambiwa mfamasia mwenye mafunzo hayupo zamu ile, nirudi Alhamisi. Alhamisi yupo, ila peke yake, simu zinalia, foleni imefika kwenye rafu za shampuu, na fomu yangu akaisoma kwa sauti pale kaunta, nyuma yangu kasimama baba mmoja ninayeswali naye msikiti mmoja. Baba wa watu akageuka kuangalia dawa za kikohozi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Simlaumu yule dada mfamasia. Serikali ilimpa kalamu, haikumwongezea msaidizi, kiti wala pazia. California ilipitisha sheria yake tangu 2013, kanuni zikaanza kufanya kazi Aprili 2016. Watafiti walipofuatilia maduka ya dawa kule mwaka 2017, ni kama 11 tu katika kila 100 yaliyokuwa yakitoa huduma hiyo. Ukifikiria, si ajabu. Mazungumzo ya dakika ishirini ni kazi, na bima zilizoea kulipia dawa, si mazungumzo. Ama mfamasia afanye bure, ama amtoze mteja dola arobaini na kitu mfukoni. Na mwenye hizo dola mara nyingi ana daktari wake tayari.

Kuna wanaoniambia mjadala umekwisha, kwa kuwa Julai 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha Opill, kidonge kisichohitaji cheti kabisa, na tangu 2024 kinapatikana rafuni. Nakipenda. Hakina estrojeni, kwa hiyo hatari ya damu kuganda si kama ya vile vingine. Ila bei yake ya kupendekezwa ni kama dola 20 kwa mwezi, na inabidi ukimeze saa ileile kila siku. Ukichelewa zaidi ya saa tatu, ulinzi wake unayumba. Mwambie hivyo mtu anayebadilishiwa zamu kila wiki. Anayetaka sindano au pete bado anamhitaji mfamasia.

Ningekuwa na mbunge wa kumtumia ujumbe, ningemwomba mawili tu: bima zote zilipie ule muda wa mfamasia kama zinavyolipia wa daktari, na kila duka linalotoa huduma hii liwe na kona yenye mlango.

Mwenzangu wa kazini, Mkongo, anakwenda Jumanne kwa mara ya kwanza. Nimemwambia aende saa mbili usiku, foleni ikishapungua, na wakimwita kaunta aombe fomu aisome mwenyewe.