Simba Hakuwa Mkaidi

Jumamosi iliyopita, katika uwanja wa kufunzia mbwa ulio karibu na ninapoishi hapa Hannover, mwalimu aliniomba nimvue mbwa wangu mnyororo wa shingoni, ule unaokaza ukivutwa, akauweka mezani na kunikabidhi kimfuko cha vipande vya soseji. Nilikasirika, kwa kuwa mnyororo huo niliununua mwenyewe Nairobi na sikuona kosa lake. Akanieleza kwamba tangu Januari 2022 kanuni za Ujerumani zinakataza kumfunza mbwa kwa ukanda wenye miiba ya chuma au kwa kifaa kingine chochote cha kumuumiza. Kabla ya saa moja kwisha, mbwa wangu aliacha kumkimbilia mbwa mwingine na kunirudia mbio kwa sababu tu nilitaja jina lake.

Nilimkumbuka Simba, mbwa wetu wa nyumbani, mtaa wa Umoja, Nairobi. Alifungwa kando ya tangi la maji tangu alfajiri na kufunguliwa usiku, kama mbwa wengi mnaowajua. Krismasi moja aliiba kuku jikoni. Nilimwita kwa sauti tamu, akaja akitikisa mkia, nikamshika sikio na kumchapa kwa mpira wa maji. Tangu siku hiyo, kila nilipomwita alisimama hatua kumi kutoka nilipo, mkia katikati ya miguu, akiitazama mikono yangu. Sote nyumbani tulisema kwamba ni mkaidi, ilhali alikuwa amejifunza vizuri kabisa somo nililompa, kwamba anayekuja akiitwa hupigwa.

Utafiti uliofanywa Ureno na kuchapishwa mwaka 2020, uliohusisha mbwa 92, ulionyesha kwamba waliofunzwa kwa adhabu walikuwa na dalili nyingi zaidi za wasiwasi kuliko waliofunzwa kwa kutuzwa, na hata mate yao yalikuwa na homoni nyingi zaidi ya mfadhaiko baada ya mafunzo. Sikuhitaji Ureno kuniambia hayo, kwa maana nilikuwa nimeyaona kando ya tangi.

Najua nitaambiwa kwamba mkataa kwao ni mtumwa, na kwamba nalisha mbwa soseji wakati watoto wanalala njaa Mathare. Sijamwambia mtu anunue soseji. Lile bonge la ugali unalomtupia mbwa wako kila jioni linaweza kumegwa vipande ishirini, na kila kipande kikawa malipo ya kuja alipoitwa, bila kuongeza hata shilingi moja. Wala siwadharau mbwa wetu, kwa sababu huyu wangu wa Hannover hangemaliza siku moja kando ya Barabara ya Jogoo, ilhali Simba aliivuka peke yake na alizitambua hatua za baba kabla hajafika getini. Na baba huyo huyo aliyemfunga ndiye aliyekesha naye kwenye mvua alipougua.

Wengine watasema kwamba mbwa wa Nairobi ni wa ulinzi, na kwamba akibembelezwa, kile kibao cha "Mbwa Kali" kitakuwa uongo. Hoja hii ndiyo inayoniuma zaidi, kwa maana usiku tulipoingiliwa na wezi, Simba alijificha nyuma ya tangi mara tu alipoona mkono ulioinuliwa, ingawa mchana alikuwa amemng'ata mtoto wa jirani, na mnajua wenyewe mahangaiko ya kutafuta sindano za kichaa cha mbwa. Huku pia wapo wakufunzi wanaoshikilia kwamba mbwa anayemfukuza paa kuelekea barabarani hazuiwi kwa chakula, na kwamba kumkemea au kumvuta kamba mara moja kunaweza kuokoa maisha yake. Nawasikiliza, lakini wao wanamzungumzia mbwa ambaye tayari anajua anachotakiwa kufanya. Sisi tunampiga asiyejua, kisha tunamlaumu kwa kutojua, na hayo tunayafanya katika nchi ambayo Sura ya 360 ya sheria zake inakataza kumpiga mnyama kikatili.

Ndugu yangu amepata mtoto wa mbwa wa miezi mitatu. Jana nilimpigia simu nikamwomba auondoe ule mnyororo wa Simba ambao bado unaning'inia kwenye tangi, na leo jioni amwite mbwa huyo mara tano akiwa na ugali mkononi.