Microsoft ilipigwa na silaha yake yenyewe

Saiba za Kisumu, kuanzia Kondele hadi Barabara ya Jaramogi Oginga Odinga, bado ni himaya ya Windows ya Microsoft. Barua ya kuomba kazi huchapwa kwa Word, hesabu za chama hupangwa kwa Excel. Lakini simu iliyo mkononi mwa huyo anayechapa ni Tecno au Infinix, na ndani yake mna Android, mfumo wa simu wa Google.

Wengi husema Microsoft ilichelewa kuingia kwenye simu. Sikubali. Ilikuwa na Windows Mobile, mfumo wake wa simu, miaka kadhaa kabla ya iPhone kutoka mwaka 2007, na Steve Ballmer, bosi wake wa wakati huo, aliicheka iPhone hadharani kwa bei yake na kwa kukosa kibodi. Kwenye kompyuta Microsoft ilitawala kwa sababu watu hufuata programu, nao watengenezaji wa programu hufuata watu. Kwenye simu, kanuni iyo hiyo ikaigeukia.

Windows Phone, mfumo wake mpya wa simu, ilipoanza kuuzwa 2010, Android ilikuwa imeshika kasi. Google iliwapa watengenezaji wa simu mfumo huo bure, ilhali Microsoft ilidai ada ya leseni. Mapema 2011 Safaricom ikatuletea Huawei IDEOS, Android ya karibu shilingi 8,000, na vijana wengi wakaonjea intaneti hapo. Huawei 4Afrika, simu ya Windows iliyolenga Afrika, ilitangazwa 2013. Kufikia hapo hata mafundi wa simu walikuwa wameshazoea Android.

Na simu zenyewe hazikuwa mbaya! Lumia, simu ya Windows Phone ya Nokia, ilikuwa nyepesi kutumia na kamera yake ilipendeza. Ila Instagram ilifika mwishoni mwa 2013, huku waliokuwa na Windows Phone 7 wakiachwa kwenye mataa tangu 2012, kwa kuwa simu zao hazingeweza kupokea toleo la 8. Ukimfanyia mteja hivyo, usitarajie amsifie jirani bidhaa yako.

Linaloniuma zaidi ni Nokia. Kwetu huku, jina hilo liliaminika kuliko benki nyingi. Microsoft ilinunua kitengo chake cha simu kwa zaidi ya dola bilioni 7, ikakamilisha ununuzi Aprili 2014, na Julai 2015 ikafuta dola bilioni 7.6 vitabuni kama hasara na kutangaza kupunguza wafanyakazi 7,800. Kumbe dawa ilikuwa mezani: Februari 2014 Nokia ilikuwa imezindua Nokia X, simu iliyotumia Android, kwa euro 89. Jina la Nokia, bei ya chini, programu tele. Katika soko la Kibuye ingeuzika kama omena. Microsoft ikaizima Julai mwaka huo huo ili kulinda Windows. Kiburi tu, kwa maoni yangu.

Mwaka 2020 Microsoft yenyewe ikatoa Surface Duo, simu ya Android, kwa dola 1,399.