Spika Haikuwa Mbovu

Dakika tatu na sekunde arobaini. Huo ndio muda niliobakiwa nao wa kuonekana mtu wa maana mbele ya baba mkwe, na niliujua barabara kwa sababu wimbo ule nimeusikiliza mpaka nauota.

Alikuja kututembelea. Mke wangu akatoka mara moja, tukabaki wanaume wawili sebuleni, tumeshamaliza habari za afya na za safari, kimya kinatutazama. Mzee ni fundi redio mstaafu. Macho yake yakatua kwenye spika zangu mbili kubwa.

"Zinalia hizi?"

"Zinalia, baba."

"Basi zilie tuzisikie."

Kwenye simu kulikuwa na albamu moja tu iliyokuwa tayari. Ni ya bendi ambayo kwa kweli ni mtu mmoja: gitaa yeye, ngoma yeye, filimbi yeye, kurekodi yeye, kampuni hana. Niliinunua kwake moja kwa moja na akaniandikia ahsante, jambo lililonifanya nijione mjomba wake. Wimbo wa kwanza unaanza na mvua na filimbi. Nikajiambia, nitamwekea filimbi, kisha nitazima kabla mambo hayajachacha.

Kwa ambaye hajakutana na mambo yenyewe: yanaitwa blaki metali, aina ya roki kali, na sura yake ya leo ilitengenezwa zaidi Norwei mwanzoni mwa miaka ya 1990. Gitaa linakwaruzwa mbio bila kupumua, kama mzinga wa nyuki uliopigwa jiwe. Ngoma ni cherehani iliyopandwa na mashetani. Mwimbaji haimbi, anararuka. Na wengi wao hurekodi kwa ukwaruzo wa makusudi, usikie kama redio iliyokwama katikati ya stesheni mbili. Sisi tunaoipenda tunauita huo utamu. Halafu wakatokea waliochanganya na muziki wa asili: Ulver, Wanorwei, walitia filimbi na gitaa kavu mwaka 1995, na Panopticon wa Marekani, naye karibu kila kitu anapiga peke yake, mwaka 2012 akaingiza banjo na nyimbo za wachimba makaa ya mawe wa Kentucky. Ndiyo inayonimaliza mimi hiyo. Unasikia bibi kizee anasimulia hadithi, kisha nyumba inaezuliwa paa.

Mvua ikanyesha. Filimbi ikaingia. Mzee akafumba macho.

"Huyu anayepuliza ana pumzi," akasema.

Ilipofika dakika ya pili na sekunde hamsini nikanyoosha mkono kuchukua simu.

"Acha kwanza, mwanangu. Mtu yuko katikati ya maneno unamkatiza?"

Nikaurudisha mkono. Gitaa kavu likajiunga na filimbi, mzee akaanza kutikisa kichwa taratibu. Nikapata akili nyingine: nipunguze sauti kidogo kidogo, kiwizi, mpaka kimbunga kikija kije kwa kunong'ona. Nikabonyeza mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Mbona inafifia? Ongeza."

Nikaongeza. Kwa kidole changu hiki hiki. Ilikuwa dakika ya tatu na sekunde thelathini na sita.

Sitaki kueleza sana kilichofuata. Glasi mezani ilitembea. Mimi mwenyewe, niliyekuwa naijua mpaka sekunde yake, nilishtuka. Baba mkwe hakushtuka. Alifumbua jicho moja, akainamisha sikio kuelekea spika ya kushoto kama daktari anayesikiliza kifua, akatulia hapo kwa muda, kisha akatoa hukumu:

"Waya umelegea."

Nilifungua mdomo. Nimwambie nini? Kwamba ndivyo ilivyo? Kwamba mwanaume aliyemkabidhi bintiye ametoa pesa yake, kwa hiari, akiwa na akili timamu, anunue hii? Nikaufunga.

"Huenda, baba."

"Sikiliza hiyo twita, hiki kispika kidogo cha sauti nyembamba, inaungua. Na kuna stesheni imeingilia." Akasikiliza tena mayowe. "Kuna mtu anagombana huko."

Akanyanyuka, akaipiga spika kofi la ubavuni. Sasa hapa naomba mnielewe: wimbo ule una dakika kumi na moja, na dakika ya sita kimbunga hukata ghafla, filimbi ikarudi peke yake. Kofi na dakika ya sita vilikutana.

"Umeona?" akasema mzee.

"Nimeona, baba." Na nikampongeza, maskini mimi.

Dakika moja na nusu baadaye yule mgomvi akarudi na ndugu zake. Mzee akapiga kofi la pili. La tatu. Akaitazama spika kwa macho ya mtu aliyevunjiwa ahadi, akachomoa bisibisi mfuko wa shati. Skrubu nane akazitoa na kuzipanga ndani ya kasha la miwani yake, moja moja, kwa mpangilio wa zilivyotoka, ili kila moja irudi kwenye tundu lake. Mimi nimeshika tochi. Wimbo ukaishia kwenye mvua tupu, shshshsh, na mzee akanitazama kwa huruma.

"Na unyevu umeingia."

Mke wangu akatukuta hivyo, baba yake kapiga magoti mbele ya matumbo ya spika. Wimbo ule anaujua vizuri kuliko anavyotaka. Akanitazama, akaelewa yote, akauma midomo.

"Imeharibika, baba?"

"Vibaya sana. Imeanza lini?"

"Tangu tuoane. Kila usiku inalia hivyo hivyo."

Spika zote mbili ziliondoka naye. Zilirudi baada ya siku tisa, nyaya zimechomewa upya kwa risasi, zimefutwa mpaka zinang'aa. Twita, alinieleza, ameziwekea kitu cha kuzituliza. Akataka wimbo ule ule, akasimama na kiganja juu ya kasha.

Dakika ya tatu na sekunde arobaini ikafika. Nyuki walikuwa mbali, ng'ambo ya bonde. Mwimbaji alikuwa analia chini ya godoro. Na mahali walipopisha, kukabaki kitu kinene, cha taratibu, kinatembea. Nikasogea karibu. Lilikuwa gitaa la besi.

Kwenye muziki huu besi huwa halisikiki, tunataniana kwamba mpigaji wake huitwa kuja kubeba vyombo. Miaka yote hiyo nilidhani bwana yule hakulipiga kabisa. Kumbe alikuwa analipiga, tena chini kule lilikuwa linaimba wimbo wa filimbi, neno kwa neno, tangu mwanzo. Macho yakanijaa maji.

Mzee akanipigapiga begani. "Umesikia ilivyotulia?"

"Nimesikia, baba. Ahsante sana."

Akainama tena, sikio kwenye kitambaa cha spika, kipaji cha uso kimekunjamana.

"Huyo mgomvi bado yupo, kwa mbali. Jumamosi nakuja kumtoa."