Kidonge cha akiba: umeze sasa au usubiri?

Kwenye pakiti ya dawa ya kutuliza hofu huandikwa maneno mawili tu: "tumia inapohitajika". Daktari ameyasema, mfamasia ameyarudia, mgonjwa ameitikia kwa kichwa. Kisha usiku mmoja moyo unaanza kwenda mbio, kijasho chembamba kinatoka, kidonge kiko kiganjani, na maneno yale hayamsaidii kitu. Imehitajika, au bado?

Wanaosema umeze mapema wanaitazama saa. Shambulio la hofu kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, halafu huanza kushuka lenyewe. Kidonge cha lorazepamu au alprazolamu huchukua kama saa 1 hadi 2 kufikia kiwango chake cha juu kwenye damu, ingawa utulivu huanza kuhisiwa kabla ya hapo. Aliyengoja mpaka roho imfike kooni mara nyingi anameza dawa ya wimbi ambalo litakuwa limeshapita. Na hapo pana mtego: hofu inatulia, sifa zinakwenda kwa dawa. Mtu hajui kwamba mwili ulikuwa unajituliza wenyewe. Anachobaki nacho ni kwamba bila kile kidonge angekufa. Wapo hata wanaopata nafuu hakijayeyuka tumboni.

Basi umeze mapema? Hilo nalo lina gharama yake. Anayemeza kila dalili ya kwanza inapochomoza haiachi hofu ifike mwisho, kwa hiyo hajui kamwe kwamba ina mwisho. Ndiyo maana wataalamu wa tiba ya kumkabilisha mtu na anachokiogopa huwa na wasiwasi na vidonge hivi: anayepanda lifti akiwa amemeza hujifunza kuiamini dawa, lifti inabaki kuwa adui. Hata kidonge kinachokaa mfukoni bila kuguswa kinaweza kugeuka mkongojo. (Hapa nasita. Kwa mtu aliyejifungia ndani kwa miezi, kidonge hicho cha mfukoni huenda ndicho kinachomwezesha kuvuka mlango. Siwezi kumwambia akitupe.)

Halafu kuna suala la mwili kuzoea. Dawa za jamii ya benzodiazepini, ambamo lorazepamu na alprazolamu zimo, zilianza kuuzwa kwa Librium mwaka 1960, ikafuata Valium mwaka 1963, na zilipokewa kama mkombozi kwa sababu zilikuwa salama kuliko dawa za usingizi zilizotangulia. Mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza zote zibebe onyo zito kuhusu uraibu, utegemezi wa mwili na madhara ya kuacha ghafla, ambayo yanaweza kufika hadi degedege. Haki itendeke: utegemezi huo hujengeka zaidi kwa anayemeza kila siku au karibu kila siku, na kidonge kimoja kwa mwezi si jambo lile lile. Ila "inapohitajika" huteleza. Mara moja kwa mwezi huwa mara moja kwa wiki, kisha kila jioni, na hakuna siku ambayo mtu aliketi akaamua hivyo.

Mimi naona jibu liko kwenye aina ya hofu. Hofu yenye tarehe, kama safari ya ndege, kung'olewa jino au kulala ndani ya mashine ya kupiga picha za mwili, inaifaa dawa hii vizuri: saa inajulikana, mwisho unajulikana, na unaweza kumeza kabla kama ulivyoelekezwa. Anayetetemeka mbele ya hadhira anaweza hata kupewa propranololi, inayopunguza kudunda kwa moyo bila kulewesha akili, mradi hana pumu. Lakini hofu inayovamia bila hodi haina saa ya kuiwahi. Mwongozo wa Uingereza unakataza benzodiazepini kwa ugonjwa wa mashambulio ya hofu. Huko tiba ya mazungumzo, au dawa ya kila siku inayochukua wiki kadhaa kushika, ina nafasi kubwa zaidi.

Wapo pia wanaojitesa kwa fahari, wanakaa siku tatu hawalali huku dawa waliyoandikiwa ipo kabatini. Huo siuiti ujasiri.

Kosa kubwa ni kuiachia hofu iamue. Muulize daktari ukiwa umetulia: dalili ipi hasa, ningoje dakika ngapi, visizidi vingapi kwa wiki, nirudi lini. Pombe na dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni zikae mbali kabisa, kwa sababu zikichanganywa na hizi zinaweza kuzima pumzi. Usukani nao usubiri. Na kila unapomeza, andika tarehe kwenye boksi. "Mara moja moja" ni jibu ambalo daktari hawezi kulifanyia kazi. Ukiona tarehe zimeanza kukaribiana, rudi kwake nalo kabla halijaisha.