Toazi halikurushwa kichwani

Mwandishi wa makala niliyosoma anasema Fletcher, mwalimu wa muziki wa jazi katika filamu ya Whiplash (2014), ni mkali, lakini ndiye aliyemfikisha mwanafunzi wake Andrew alipofika kwenye dramu. Mimi sikubali. Utetezi wote wa Fletcher umesimama juu ya kisa kimoja: eti mpiga dramu Jo Jones alimrushia Charlie Parker, mpiga saksafoni maarufu wa jazi, toazi la dramu nusura amkate kichwa, na ndipo Parker akawa Parker. Kisa hicho kimepindishwa. Kule Kansas City, Marekani, mwaka 1936, Jones alilitupa toazi sakafuni, karibu na miguu ya Parker, aliyekuwa bado kijana, kumfukuza jukwaani. Aibu ilikuwa kubwa, ndiyo. Ila kilichomjenga ni majira ya joto ya 1937 kwenye milima ya Ozark, alikojifungia na saksafoni yake akijifunza kutoka rekodi za mpiga saksafoni Lester Young. Huko hakuna aliyemzaba makofi.

J.K. Simmons, aliyemwigiza Fletcher, alistahili Oscar, sibishi, alinitetemesha. Lakini jamani, Sean Casey, mwanafunzi wa zamani wa Fletcher, alijinyonga! Mbona makala haimtaji hata kwa neno moja? Mimi nilichapwa vidoleni kwa sababu ya kinanda nikiwa na miaka 11. Sijakigusa tena hadi leo.