Msimuulize mtu kwa nini, muulizeni ilikuwaje

Nilimkuta barazani anachambua mchele, mama yake kasimama mlangoni, sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, aliyetupokea kakaa pembeni kwenye kiti cha plastiki. Kaskazini Pemba hiyo, saa nne asubuhi, mimi na kishikwambi changu na dodoso refu la masuali. Yule dada alikuwa kasoma ushoni kwenye mafunzo ya amali na tulikuwa tunatafuta kujua vijana wanachaguaje fani yao ya mwanzo, bas nikafika kwenye suali lenyewe, "Kwa nini ulichagua ushoni?" Akanambia, "Napenda tu." Nikabonyeza "anaipenda fani hiyo", nikaenda suali jengine.

Tulipomaliza akanisindikiza mpaka njia kuu, na hapo njiani bila ya mama bila ya sheha ndo akaanza kunihadithia mwenyewe wala sikumuuliza. Kumbe alikuwa anataka umeme. Kaka yake kamwambia darasa la umeme wanaume watupu utakaa na nani, shangazi yake alikuwa na cherehani imelala tu ndani mana macho yake hayaoni tena tundu ya sindano, na fomu yenyewe aliijaza huyo huyo kaka kwa sababu yeye siku hiyo alikuwa kaenda kwenye arusi. Alipoijua habari ishapelekwa. Sasa kwenye data yetu mpaka leo yule dada ni mtu anayependa kushona, na mimi ndo niliyemuandika hivo.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu mana kazi hii naipenda kweli. Nilianzia ukarani wa sensa ya 2022, ile ya vishikwambi, iliyotuhesabu Zanzibar watu 1,889,773 kutoka 1,303,569 wa 2012. Sensa inakwambia watu wako wangapi na wanakaa wapi, lakini haikwambii imekuwaje mtoto wa Micheweni akaangukia fani hii akaiacha ile, hiyo ni kazi ya tafiti za sampuli na mimi naziamini, sitaki nieleweke vibaya. Ninacholalamikia ni hilo suali la "kwa nini". Tunaliweka kila dodoso kama chumvi, na naona linatupa majibu mabovu kuliko suali lolote jengine.

Na si uongo wa watu. Yule dada hakunidanganya, kushona keshakupenda sasaivi, miaka miwili yuko kwenye cherehani na arusi zinamletea kazi. Mtu akishachagua anaishi na alichokichagua, anakizoea, kisha ukija wewe na kishikwambi ukamuuliza sababu anakupa ya leo, ya siku ile hana tena. Mwaka 1977 wataalamu wawili wa Marekani, Richard Nisbett na Timothy Wilson, waliandika kuhusu jaribio walilolifanya dukani, waliwawekea wateja jozi nne za soksi ndefu za nailoni zote sawasawa wala hazina tofauti, wakawaambia wachague ilio bora. Watu wakaelemea kulia, ya kushoto kabisa ilichaguliwa na asilimia 12 na ya kulia kabisa asilimia 40. Walipoulizwa kwa nini, wakataja ufumaji na ubora, hakuna aliyesema mahali ilipowekwa, na walipoulizwa kwa mdomo kama mahali pamewaathiri karibu wote wakakataa. Hizo ni soksi tu, umechagua dakika hiyo hiyo. Sasa mtu unamuuliza fani aliyoichagua miaka mitano nyuma.

Anayebisha ajaribu baraza yoyote ya Wete au Chake, muulize mzee wa makamo kwa nini yeye Simba au Yanga. Atakwambia uwanja, wachezaji, historia, atakutajia na magoli. Halafu geuza suali: "Mzee, siku ya mwanzo kabisa kusikiliza mpira ulikuwa kwa nani?" Hapo utasikia ilikuwa redio ya ami yake, na ami alikuwa Simba, na mtoto akitaka kukaa karibu na redio akae upande wa ami. Mimi kila niliyemjaribu kanipa mtu na mahali, hakuna aliyenijibu "napenda tu". Suali la pili ndo linanipa kitu cha kuchambua, nani alikuwepo, nani mwenye redio, nani alilipa nauli, na hivo vitu vinahesabika.

Kuna jengine linaniuma zaidi, lugha. Dodoso nyingi zinaandikwa kwanza kwa Kiingereza halafu zinafasiriwa haraka haraka, zinatufikia zinasema "shule" na "ufundi stadi" wakati hapa watu wanasema skuli na mafunzo ya amali, lakini hayo bado watu wanaelewa. Tabu ni "chaguo lako la kwanza". Hebu lisome tena. Ni lile ulilolichagua mwanzo kabla ya mengine, au lile unalolitaka kuliko yote? Kiswahili kinabeba yote mawili. Niliona kwa macho yangu nyumba mbili zimepakana, dada wa nyumba ya kwanza ananijibu fani alioanzia, kaka wa nyumba ya pili ananijibu fani anayoitamani mpaka leo na hajawahi kuisoma, na wote wawili wameingia kwenye safu moja. Mchambuzi mjini atajuaje? Ukisema "fani ulioanza nayo mwanzo kabisa" na suali jengine peke yake "fani ulioitaka kuliko zote", yameisha, mtu anakujibu hapo hapo. Na tofauti baina ya majibu hayo mawili ndo utafiti wenyewe! Yule dada wangu angeandikwa ushoni hapa na umeme kule, na mtu angeuliza katikati hapo kumetokea nini.

Orodha nayo. Ukimsomea mtu majibu saba kwa sauti, hoteli, ushoni, umeme, uvuvi na kuendelea, anakumbuka zaidi ya mwisho mana ndo yaliyobaki masikioni, na akisoma mwenyewe kwenye karatasi anavutwa zaidi na ya juu. Hili wataalamu wa dodoso wanalijua siku nyingi na dawa yake ni rahisi, kishikwambi kinaweza kuchanganya mpangilio kwa kila mtu. Tunavyo vishikwambi. Kwenye kazi tatu nilizofanya hakuna hata moja iliyochanganya.

Sasa hapa ndo pagumu, watu ambao hatuwakuti kabisa. Mwaka 1936 jarida la Marekani, Literary Digest, lilituma kadi kama milioni 10 kuuliza watu watampigia nani kura ya urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Alf Landon anashinda, na Franklin Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyatoa sana kwenye vitabu vya simu na orodha za wenye magari, wakati wa shida ile ya uchumi mwenye simu na gari si sawa na asiyekuwa nayo, na tena waliorudisha kadi ni wale wenye hamu ya kujibu tu. Watu milioni mbili na bado hawakuwa watu wenyewe.

Huku kwetu hatutumi kadi, tunapiga hodi, lakini tunapiga hodi saa nne asubuhi. Ukienda siku za bamvua kinamama wa mwani wako pwani mana maji yanakupwa sana ndo wakati wao. Ukienda msimu wa karafuu watu wako mashamba. Vijana wavuvi wako dago, kambi za uvuvi za mbali, hutowaona wiki kadhaa. Na zaidi ya wote wale waliokwisha kuondoka, yuko Unguja, yuko Dar, yuko Tanga, yuko Oman, nyumbani unamkuta mama yake anakwambia mwanangu hayupo, na mwongozo unakwambia muandike aliyepo. Sasa fikiria, unatafuta nini kinampa kijana chaguo lake la mwanzo, na yule ambaye chaguo lake la mwanzo lilikuwa kuondoka hukumuuliza. Unabaki na waliobaki, kisha ripoti inaandikwa vijana wa Pemba wanapendelea fani za karibu na nyumbani. Hao wa karibu na nyumbani ndo uliowakuta nyumbani! Mama zao wana namba zao za simu, WhatsApp wapo kila usiku, mimi nimewahi kumpigia kijana mmoja kwa hiari yangu usiku wakati keshatoka kazini, tukaongea nusu saa, kanijibu masuali yote na akanishukuru kwamba kuna mtu kauliza.

Sheha simlaumu, bila yeye hakuna mlango unaofunguka, ila akishatupokea na kututambulisha tungemuomba apumzike, na suali la fani likaulizwa kijana peke yake.

Mwezi ujao tunarudi kwa kazi nyengine, na safari hii nimeomba kwenye mafunzo yetu wakubwa waniruhusu masuali matatu kabla ya hilo la "kwa nini": siku ulipoamua ulikuwa wapi, alikuwepo nani, na fomu alijaza nani. Mawili wameyakubali. La fomu wamesema linaongeza muda, na mimi hilo ndo nitakaloligombania mpaka siku ya kupanda gari.